Asubuhi Nzima kwa Ajili ya Bibi

Waulize wafanyabiashara wa Kariakoo habari za Guangzhou kule China, watakutajia mtaa wa Xiaobei, maghala ya nguo, bei ya kusafirisha kontena na yale maonyesho makubwa ya bidhaa yaliyoanza mwaka 1957 na hufanyika kila Aprili na Oktoba. Mji ule tunaujua kwa risiti. Mimi nimeupendea jambo jingine kabisa: asubuhi za Jumapili, watu wanapowachukua wazee wao kwenda kunywa chai.

Husema wanakwenda kunywa chai, lakini chakula ndicho kinachojaza meza. Saa mbili asubuhi ukumbi wa mkahawa umeshafurika. Kwenye nyumba kongwe kama Tao Tao Ju, iliyoanza mwaka 1880, watu hupanga foleni kusubiri nafasi. Meza ni za duara, kubwa, na mara nyingi zinakaliwa na vizazi vitatu: bibi na babu, watoto wao, wajukuu, pengine na kitukuu aliyelala kifuani kwa mama yake. Kila mtu anaongea kwa sauti, na hakuna anayemwambia mwenzake anyamaze.

Vyakula hivyo, yaani dim sum, huletwa kwenye vikapu vidogo vya mwanzi vinavyofuka mvuke, kila kimoja kikiwa na vipande vitatu au vinne. Kuna kamba waliofungwa ndani ya unga mwembamba unaopitisha mwanga, hata unaiona rangi yao kabla hujauma. Mpishi anayeijua kazi huukunja ukingo mara saba au zaidi, na unga haupasuki ukiuinua kwa vijiti. Kuna mikate myeupe ya mvuke iliyojazwa nyama tamu, na wali wa kunata uliofungwa kwenye jani la yungiyungi. Vingi vina nyama ya nguruwe, kwa hiyo Mwislamu hana budi kuuliza kwanza. Akifika Hong Kong, kule Wan Chai kuna kantini ndani ya jengo la msikiti inayopika dim sum za halali, nayo hujaa vilevile.

Kilichonigusa zaidi ni miguu ya kuku. Sisi tunaijua ya kukaanga barabarani na ya kwenye supu, na wapo wanaoiona chakula cha asiye na hela. Pale imeheshimiwa. Hukaangwa kwanza hadi ngozi ivimbe, ikalowekwa, ikachemshwa na viungo, kisha ikapikwa kwa mvuke pamoja na soya nyeusi zilizochachushwa. Ngozi inalainika mpaka inajitoa yenyewe kwenye mfupa. Kwenye meza ya jirani yangu alikaa kijana wa miaka kama kumi pembeni ya bibi yake. Kikapu kilipofika, alichagua mguu mnono kuliko yote, akauweka kwenye bakuli la bibi, ndipo akachukua wa kwake. Hakuna aliyemkumbusha wala aliyemsifu. Bibi alikula taratibu, akivitoa vifupa kimoja kimoja na kuvipanga ukingoni mwa sahani.

Chai nayo ina adabu yake. Unaanza kuwamiminia wakubwa, wewe unajimiminia mwisho. Anayemiminiwa hugonga meza taratibu kwa vidole viwili, kuwa ndiyo shukrani yake. Wenyeji husimulia kwamba mfalme Qianlong, aliyetawala kuanzia 1735, alipokuwa akisafiri kwa kujificha alimmiminia chai mtumishi wake. Mtumishi hakuweza kupiga magoti bila kumfichua bwana wake, basi akakunja vidole juu ya meza. Iwe ilitokea au haikutokea, naipenda hadithi hii, kwa sababu inaanza na mfalme aliyeshika birika kumhudumia mtu wa chini yake. Birika likiisha, unaacha kifuniko kikae upande, na mhudumu huja kuongeza maji ya moto bila kuitwa.

Nadhani siri kubwa iko kwenye udogo wa vile vikapu. Hakuna mwenye sahani yake peke yake ya kuimaliza na kuondoka. Kikapu kinaliwa, kingine kinaagizwa, na katikati kuna nafasi ya kumuuliza babu habari za goti lake, na ya babu kujibu kwa kirefu. Saa mbili zinapita hivyo. Sisi wa pwani sinia tunalo, ila siku hizi linatoka zaidi kwenye shughuli. Jumapili ya kawaida kila mtu na sahani yake, macho kwenye simu. Wazazi tunawatumia hela kwa simu hiyohiyo, na tunafanya vyema. Lakini mama yako akiipokea anaketi na nani? Swali hili linaniuma, kwa sababu najua nyumba nyingi ambako jibu ni hakuna.

Kwa hiyo ndugu yangu unayekwenda kufungasha mzigo Oktoba, acha Jumapili moja bila miadi ya kiwandani. Mwombe mwenyeji wako, yule mnayezozana naye bei wiki nzima, akupeleke kwenye chai pamoja na wazazi wake. Wamiminie wewe, wao kwanza. Muwahi kabla ya saa mbili asubuhi, maana ikifika saa nne mtasimama sana mlangoni.