Wajina Wawili wa Skrini na Swali la Jina

Swali la kifalsafa kuhusu kile kinacholifunga jina kwa mwenyewe, hata likamtambulisha yeye na si mwingine, hujitokeza wazi pale wajina wawili wanapofanya kazi ya fani moja. Steve McQueen wa kwanza, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 1980, alipata umaarufu kwa tamthilia ya televisheni Wanted: Dead or Alive (1958–1961), akiigiza mtu anayesaka wahalifu kwa malipo. Steve McQueen wa pili, aliyezaliwa London mwaka 1969, ni mwongozaji ambaye mwaka 2020 aliitengenezea BBC Small Axe, filamu tano za televisheni kuhusu watu weusi wa London wenye asili ya Karibiani. Hawana undugu wowote.

John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alishikilia kwamba jina la pekee, yaani jina la mtu mmoja na si la jumla kama “mwigizaji”, humwashiria mwenyewe bila kueleza sifa yake yoyote. Saul Kripke, katika mihadhara yake ya Princeton ya mwaka 1970, alieleza kwamba jina huanza kwa tendo la kumpa mtu jina, kisha watu hupokezana, na mnyororo wa mapokezi hayo ndio unaolirudisha kwa mwenyewe. Kwa hoja hiyo, mtazamaji anayelisoma jina la McQueen katika Small Axe ameshika mnyororo wa mwongozaji, hata kama fikra zake zinakimbilia farasi na bunduki za yule mwigizaji.

Vyama vya waigizaji vya Uingereza na Marekani vilichagua njia fupi: wanachama wawili wasitumie jina moja la kazi. Ndiyo maana David McDonald wa Uskoti, aliyekuja kuigiza Doctor Who, alijiita David Tennant, na Michael Fox wa Family Ties akaongeza herufi J ambayo hakuzaliwa nayo. Utaratibu huu unazuia mkanganyiko, lakini unalifanya jina kuwa mali ya aliyewahi, na gharama yote humwangukia kijana anayelazimika kuacha jina alilopewa na wazazi wake.

Wanazuoni wa Hadithi, yaani mapokeo ya maneno na matendo ya Mtume Muhammad, walikuwa na njia yenye haki zaidi. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1071, aliandika kitabu kizima juu ya al-muttafiq wal-muftariq, yaani wapokezi wanaolingana majina ilhali ni watu mbalimbali. Hakuna mpokezi aliyetakiwa kubadili jina. Wajibu ulikuwa wa msomaji kumjua baba yake, mji wake, walimu wake na mwaka wa kufa kwake, kwa sababu kumchanganya mwaminifu na dhaifu kungeweza kumsingizia Mtume neno asilolisema. Pale isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, inapotaja “Sufyan” peke yake, huenda ni al-Thawri au Ibn Uyayna, wote wawili wakiwa maimamu waaminifu walioishi zama zilizokaribiana na kushirikiana baadhi ya walimu, na mara nyingi kinachoamua ni mwanafunzi anayepokea kutoka kwake.