Kuitetea kampuni ya bima, ni dhambi?



Alhamisi ya Oktava ya Pasaka, 25 Aprili 2019, watu wa pwani ya Mtwara walihama kukikimbia Kimbunga Kenneth. Kikapiga ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado.

Tuseme wewe ni wakili wa bima. Mama anadai upepo umepasua ukuta. Kampuni inasema ufa ni wa zamani. Kumbishia ni dhambi? Hapana bwana. Ile hela ni michango ya wengi, na anayedanganya anawaibia hao. Marekani, baada ya Katrina 2005, walibishana miaka: upepo au maji? Bima ya kawaida ya nyumba kule hailipi mafuriko, kwa hiyo kuuliza ni halali.

Ila ukishajua ufa ni mpya, bado unamzungusha, njoo kesho, lete fomu nyingine, hapo umevunja amri ya saba na ya nane kwa mpigo. Na mama analala kwa jirani.