Nani Kaua? Riwaya ya Mzimu na Uadilifu wa Tuhuma

Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyoshinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya Afrika Mashariki ya 1957-58 na kuchapishwa 1960, kwa desturi huhakikiwa kama chimbuko la riwaya ya upelelezi katika fasihi ya Kiswahili. Bwana Msa, kiko mdomoni, hulinganishwa na Sherlock Holmes, na mzimu huchukuliwa kuwa pazia la kumtia msomaji hofu hadi akili itakapolifunua. Usomaji huo una mashiko, ila unamsahau msomaji mmoja: yule wa Kwale, ambaye kwake mahali patakatifu ni sehemu ya maisha.

Kwa msomaji wa Diani au Msambweni, mahali hapo pana jina na mipaka. Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo wa hekta 30 hivi, ni miongoni mwa makaya ya Wamijikenda yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Miiko yake inafahamika: mti haukatwi, kitu hakitolewi, na mgeni hujifunga kaniki kabla ya kuingia. Hofu ya kuvunja miiko hiyo imesaidia kuuhifadhi msitu huku ufuo wa jirani ukijaa mahoteli. Msomaji huyu anapokutana na mzimu uliogeuzwa kuwa maficho ya uhalifu, ana haki ya kuuliza: je, riwaya inaikejeli imani yenyewe, au inamshutumu anayejificha nyuma yake?

Jibu la pili ndilo lenye nguvu. Uzito wa kimaadili wa riwaya haumo katika hoja kwamba mizimu haipo. Umo katika swali "nani kaua?" na katika namna linavyojibiwa. Swali hilo hilo ndilo huulizwa matangani pale kifo cha ghafla kinapokataliwa kuwa cha kawaida. Katika Kwale, kama ilivyo Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingine nyuma ya shuku hiyo mna ugomvi wa ardhi. Mvi hugeuzwa ushahidi. Sheria ya Uchawi ya Kenya ya 1925 iliharamisha uchawi, na pia ikaharamisha kumtuhumu mtu uchawi isipokuwa mbele ya wenye mamlaka. Lakini mnong'ono hausubiri sheria.

Hapa pana pingamizi la kuzingatiwa. Riwaya ya upelelezi nayo hulisha njaa ile ile: msomaji hatosheki mpaka mkosaji atajwe. Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o (1977) inafuata njia nyingine. Humo uchawi ni kweli katika ulimwengu wa riwaya, na Gusto anaurithi kutoka kwa baba yake. Msomaji anawekwa karibu na yule ambaye jamii ingemnyoshea kidole, akaona kwamba mirathi hiyo ni mzigo. Huo ni ubora wake. Hata hivyo, kwa kuuthibitisha uchawi, inaipa shuku ya kijiji nguvu ambayo Abdulla anainyima.

Kinachozitenga shuku na haki ni muda ulio kati ya kushuku na kutaja. Wanafasihi huuita muda huo taharuki, na aghalabu huuhesabu kuwa mbinu ya kumshika msomaji. Katika riwaya ya Abdulla, taharuki ni zaidi ya mbinu. Bwana Msa anachelewa kwa sababu jina likishatamkwa halirudi, na kila ukurasa wa kuchelewa ni ukurasa ambao asiye na hatia anabaki salama. Mzee anayetuhumiwa kijijini hupewa usiku mmoja tu, pengine hata huo hapewi.

Kwa kuhitimisha, kuipima riwaya ya namna hii kwa kigezo cha kuamini au kutoamini mizimu ni kuipunja. Mwalimu anayeifundisha Msambweni hana haja ya kumtaka mwanafunzi aikane kaya ya babu zake. Anaweza kumwuliza jambo zito zaidi: ni ushahidi gani unaotosha kabla jina la jirani halijatamkwa? Msomaji aliyejizoeza kungoja hadi ukurasa wa mwisho amejifunza subira ambayo, nje ya kitabu, huokoa roho ya mtu.