Si Baridi Inayochanuza Tulipu

Wahubiri wa nchi za baridi wana mfano wanaoupenda mno, nao ni tulipu. Tunguu lake hufukiwa ardhini mwezi wa Oktoba, theluji hulilalia miezi mitatu, kisha Aprili ua hilo linatokeza. Tunguu lisiloonja baridi, hata ulipe maji na samadi namna gani, aghalabu hutoa majani matupu au ua lililodumaa. Basi, wanasema, na mateso ya binadamu yako vivyo hivyo: Mungu huyaruhusu kwa kuwa bila hayo nafsi haichanui. Mwanafalsafa John Hick aliijenga hoja ya ukoo huo, kwa uangalifu zaidi, katika kitabu chake cha mwaka 1966, Evil and the God of Love, akiiona dunia kuwa mahali pa kuzikuza nafsi. Ni hoja yenye heshima yake. Ila shahidi wake mkuu, bustani, akihojiwa vizuri anasema kinyume.

Tuanze na chakula. Lipasue tunguu la tulipu kwa kisu siku unapotaka kulipanda, kabla halijaguswa na baridi, na katikati ya magamba yake manene meupe utakuta ua dogo limekwisha kuumbika. Wanga uliojaa ndani ya magamba hayo ulitengenezwa na majani kwa jua la msimu uliopita; ndiyo maana mtunza bustani mzoefu hayakati majani ua linaponyauka, bali huyaacha yageuke manjano na kufa yenyewe. Baridi haiongezi hata chembe ya chakula. Inacholeta ni habari. Wiki 12 hadi 16 za ubaridi huuarifu mmea kwamba majira mabaya yamepita, usije ukadanganywa na siku mbili tatu za joto mwezi wa Januari, ukachipua na kuuawa na sakitu. Mtofaa nao huhesabu saa za baridi, aina nyingi zikitaka 800 hadi 1,000 kabla ya kukubali kuchanua. Mmea, kwa maneno mengine, unaitumia baridi kama kalenda ili ujikinge na baridi hiyohiyo.

Na kalenda hubadilishwa. Huko Batu, kwenye nyanda za juu za Java nchini Indonesia, hakuna majira ya baridi, lakini matofaa yanavunwa mara mbili kwa mwaka. Wakulima huupukutisha mti majani kwa mikono baada ya mavuno, na tumba zikaamka kabla hazijazama katika usingizi mzito. Kama baridi ingekuwa sharti la kuchanua, na si njia moja tu ambayo baadhi ya mimea ilizoea kwao ilikotoka, matofaa ya Batu yasingekuwapo.

Mtu atauliza: je, zile mboga za jamii ya sukuma wiki, ambazo huwa tamu zaidi zikipigwa na sakitu? Kweli, huwa tamu. Siku zinapofupika na usiku kupoa kidogo kidogo, mmea hukusanya sukari ndani ya chembe zake ili maji yasigande upesi. Utamu huo ni silaha, na silaha hutaka muda wa kuandaliwa. Sakitu ileile ikiangukia ghafla miche iliyolelewa kwenye joto, asubuhi utaikuta imelegea na kuwa myeusi. Kazi yote ya bustani kabla ya theluji inajua hilo. Mbolea ya naitrojeni husitishwa mapema ili mti usitoe machipukizi mororo yasiyo na kinga. Matandazo ya majani makavu huwekwa juu ya mimea michanga baada ya ardhi kuanza kuganda, si kabla, maana shabaha si kuipasha joto bali kuizuia isigande na kuyeyuka mara kwa mara, jambo linaloinua udongo na kuiacha mizizi wazi. Anayepaheshimu mahali penye baridi hutumia vuli yote kuipunguzia makali.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni hili: lakini mtunza bustani mwenyewe hutia matunguu ya tulipu kwenye jokofu, kwa makusudi, kwa nini Mungu asifanye hivyo? Sawa, ila mtazame anavyofanya. Hutia kwa kipimo, kwa mmea ambao asili yake ni milima na nyika za Asia ya Kati, na hatii mgomba. Maradhi ya mtoto wa miaka miwili hayaji kwa kipimo hicho. Tena mahubiri huwahesabu waliochanua tu. Matunguu yaliyooza kwenye udongo uliotuama maji hayapandi mimbarini. Wanaosema kwamba ugonjwa au kifungo kiliwakomaza tuwaamini, na tuwaulize pia walikuwa na akiba gani kabla yake, na nani aliwafunika.

Kuyasema haya si kumpokonya muumini faraja yake. Katika kitabu cha Ayubu, rafiki yake Elifazi ndiye anayemwambia Ayubu mgonjwa kwamba heri mtu anayerudiwa na Mungu, kwa kuwa anayejeruhi ndiye anayeponya. Na ni kwa Elifazi huyo, katika sura ya 42, kwamba Mungu anasema hasira yake imewaka, juu yake na rafiki zake wawili, kwa kutonena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu, ambaye karibu kitabu kizima alikuwa akilalamika.