Yakini Haiondolewi na Shaka

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya, makaburi yalifukuliwa zikatolewa maiti zaidi ya 400, zikiwamo za watoto wengi. Wengi wao walikufa kwa njaa, baada ya kufundishwa kuwa wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu.

Tuwafikirie waliobaki hai. Mtu aliyelelewa katika kundi la namna hiyo, akiulizwa habari za utoto wake, huenda akakuta mapengo. Siku moja aikumbuka vyema, mwaka mzima haujui. Hapo huanza kujishuku: “Pengine hayakuwa. Pengine mbaya ni mimi.” Wala si ajabu, kwani tangu udogoni ameambiwa kuwa alionalo kwa macho yake si kweli mpaka kiongozi alikubali. Je, mtu huyu aaminiwe?

Wako wasemao kuwa mwenye kusahau ni mwongo. Hao wamekosea. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani (2:282) imeamrisha deni liandikwe, na imetaja kuwa shahidi huweza kupotewa na jambo akakumbushwa na mwenziwe. Kusahau, basi, ni maumbile ya binadamu.

Wako tena wamwoneao huruma wakamzibia mapengo kwa kumtia maneno kinywani. Hii nayo ni hatari. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus, mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, na mwenzake walieleza jaribio la watu 24 walioambiwa kuwa utotoni walipotea madukani. Jambo hilo halikutokea, lakini kiasi cha robo yao walidai kulikumbuka, lote au sehemu yake. Amtiaye mwenziwe kumbukumbu amefanya kazi ile ile ya kiongozi.

Njia iliyo sawa imo katika kanuni ya fiqhi: yakini haiondolewi na shaka. Mwenye kusali akishuku kama amesali rakaa tatu au nne, hushika tatu alizo na yakini nazo, akaendelea. Haivunji sala yake. Basi aliyeiona njaa kwa yakini, ameiona, hata kama hajui ulikuwa mwezi gani. Asilolijua na aseme halijui. Wala asijitwike dhambi za wakubwa, kwani Hadithi imetufunza kuwa kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe.

Wajibu wetu ni kumsikiliza, tusimsukume wala tusimkadhibishe. Akili ni amana ya Mwenyezi Mungu. Aliyenyang'anywa utotoni ana haki ya kurudishiwa.