Kabla ya Kunawa Mikono

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwa. 4:8–10, Kut. 22:18, Kumb. 18:9–14, Kumb. 19:15–19, Kumb. 21:1–9, Isa. 53:4–6, Eze. 18:20, Eze. 33:1–6, Mt. 27:24.

Wazo kuu: Mtu anaweza kuwa hana hatia ya damu iliyomwagika, na bado akawa na la kujibu mbele za Mungu kwa ajili ya damu hiyo.

Kamba ya Kupimia

Soma Kumb. 21:1–9. Mtu amekutwa ameuawa shambani. Hakuna shahidi, wala hajulikani aliyempiga. Mahali pengi jambo kama hilo lingeishia kwenye mazishi. Ndugu wangelia, majirani wangetoa pole, na kila mtu angerudi kwenye shughuli zake akijiambia moyoni kwamba halimhusu.

Sheria aliyopewa Musa haikuruhusu hivyo. Wazee na waamuzi walitakiwa kutoka na kupima umbali, kuanzia pale maiti ilipolala mpaka kwenye miji iliyozunguka. Mji uliokuwa karibu zaidi ndio uliopaswa kujibu. Wazee wa mji huo walimchukua mtamba ambaye hajafanyishwa kazi, wakamshusha kwenye bonde lenye maji yanayotiririka, wakamvunja shingo, kisha wakanawa mikono juu yake mbele ya makuhani. Ndipo walipotamka kwamba mikono yao haikuimwaga damu ile, wala macho yao hayakuona ikimwagwa, na wakamwomba Bwana awasamehe watu wake.

Wazee hao hawakuua. Kwa nini basi waombe msamaha? Walimu wa Kiyahudi wa zamani walijiuliza swali hilohilo. Katika Mishna walieleza kwamba hakuna aliyewadhania wazee kuwa wauaji. Tamko lao lilikuwa na maana kwamba mtu yule hakufika kwao wakamwacha aondoke bila chakula, wala hawakumwona wakamwacha apite njia ya hatari bila wa kumsindikiza. Kwa maneno mengine, mzee wa mji hakuulizwa tu kama alishika silaha. Aliulizwa pia kama alifanya lililokuwa katika uwezo wake ili mtu yule afike salama.

Je, unafikiri ni kwa nini Mungu aliagiza umbali upimwe kabla ya wazee kunawa mikono, na si baadaye?

Barua ya Kujiuzulu

Mkoa wa Shinyanga unalijua swali hili kwa uchungu. Kwa miaka mingi, katika Usukuma na maeneo ya jirani, wazee, hasa wanawake vikongwe, wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha msako katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wakati Geita ikiwa bado sehemu ya Mwanza, ili kuwakamata waliohusika na mauaji. Lengo lilikuwa jema. Lakini watu waliokamatwa waliteswa ili waseme, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowashikilia. Waliotumwa kukomesha mauaji wakawa wao wenyewe wameua.

Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakumtesa mtu yeyote na hakuamuru mtu ateswe. Hata hivyo, Januari 1977 alimwandikia Rais Julius Nyerere kuomba kujiuzulu, kwa sababu waliotenda yale walikuwa chini ya wizara yake. Rais alikubali. Viongozi wengine, wakiwemo wakuu wa mikoa hiyo miwili, nao waliachia nafasi zao, na baadaye baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani. Mwinyi alitumwa kuwa balozi nchini Misri. Mwaka 1985 akawa Rais wa Tanzania.

Mwinyi hakuwa Mkristo. Lakini Maandiko yenyewe hayaoni haya kuonyesha uadilifu wa Abimeleki mbele ya udhaifu wa Abrahamu (Mwa. 20). Kisa cha Shinyanga kina mafundisho mawili kwa muumini yeyote.

La kwanza ni kwamba nia njema haiitakasi njia mbaya. Anayeshukiwa kumuua bibi kizee naye ni kiumbe aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, na kumwonea huruma bibi yule hakumpi mtu ruhusa ya kumvunja mbavu mshukiwa. Sungusungu wa kijiji na kijana mwenye hasira kwenye kundi linalomkimbiza mwizi wanapaswa kulikumbuka hilo, hata kama ng'ombe walioibwa ni wao.

La pili ni kwamba kiongozi anaweza kusema kwa ukweli kabisa, “Sikufanya,” na bado asiishie hapo.

Hatia na Wajibu

Soma Eze. 18:20 pamoja na Kumb. 24:16. Mafungu haya yanasema wazi kwamba mwana hatabeba uovu wa baba, wala baba uovu wa mwana. Je, yanapingana na Kumb. 21?

Hapana. Nabii yuleyule Ezekieli, katika sura ya 33, anamzungumzia mlinzi aliyeona upanga ukija asipige tarumbeta. Mlinzi hakuwa na upanga, lakini damu ya aliyekufa inatakwa mkononi mwake. Ezekieli 18 inahusu hatia, na hatia haihamishwi kutoka kwa mtu hadi mtu. Ezekieli 33 inahusu wajibu, na wajibu humfikia kila aliyekuwa na nafasi ya kuzuia.

Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama wanaielewa tofauti hii bila kufundishwa. Duara likititia na kuwafukia watu, hakuna anayesema kwamba mwenye duara ndiye aliyewaangushia mwamba. Lakini maswali yanaanza siku hiyohiyo. Je, kuta zilishikiliwa kwa miti imara? Je, aliwashusha watu chini mvua kubwa ikiwa imenyesha usiku? Je, aliambiwa kwamba kuna ufa, akasema dhahabu haingoji? Kama alifanya yote aliyopaswa kufanya, anaweza kunawa mikono mbele za Mungu. Kama hakufanya, maji hayatamsaidia.

Tofauti hii inalinda pande mbili. Inamzuia asiyehusika asilazimishwe kukiri kosa ambalo si lake. Watoto wa mtu aliyefungwa kwa mauaji hawana hatia ya baba yao, na kanisa linalowakwepa linamkosea Mungu. Pia inamzuia jirani asijifiche nyuma ya maneno “si mimi.” Kaini alijaribu kujificha nyuma ya swali lake kuhusu mlinzi wa ndugu yake (Mwa. 4:9), na Mungu hakumruhusu.

Kutoka Mlango Hadi Mlango

Fikiria bibi mjane katika kijiji chochote cha Shinyanga. Macho yake ni mekundu. Kwa miaka hamsini amepika jikoni penye moshi, akitumia mabua ya pamba na samadi kavu kwa sababu kuni ni adimu. Mtoto wa jirani anaugua na kufa. Baba wa mtoto anakwenda kwa mganga kupiga ramli, na mganga anamwambia kwamba aliyemloga yuko upande fulani, ni mwanamke, ni mzee. Hamtaji jina. Halihitajiki, kwa maana kila mtu anamjua mwenye macho mekundu. Labda pia kuna kijana wa ukoo anayelitazama shamba la bibi yule. Minong'ono inaanza kisimani na kwenye mashine ya kusaga. Baada ya miezi michache, watu wanakuja na mapanga usiku.

Ni nani aliyemuua? Mahakama itamtafuta aliyeshika panga, na ni haki imtafute. Lakini kamba ya kupimia ya Kumb. 21 inapita milango mingi kabla ya kufika kwake. Inapita kwa mganga aliyepokea fedha, kwa baba aliyetaka jibu, kwa mrithi aliyetaka shamba, kwa mwanamke aliyeyapeleka maneno kutoka kisimani hadi nyumbani, na kwa muumini aliyeyasikia yote akaenda Sabato kanisani asiseme neno.

Ndivyo ilivyokuwa pia katika mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007. Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino, kutoka Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mauaji ya aina hiyo nchini. Wahukumiwa walikuwa watatu. Lakini kiungo cha mtu hakina bei kama hakuna mnunuzi, na mnunuzi hatokei kama hakuna anayeamini kwamba utajiri, uwe wa dhahabu, wa samaki au wa biashara, huletwa na dawa. Kila anayekwenda kwa mganga kutafuta bahati, hata akiagizwa kuleta kuku tu, anaisaidia imani hiyo iendelee kuishi. Hana hatia ya mauaji, lakini nyumba yake haiko mbali na maiti.

Je, katika kanisa lako, ni jambo gani linalojulikana na wengi na kusemwa na wachache?

“Lakini Biblia Yenyewe Inasema…”

Darasani huenda mtu akaitaja Kut. 22:18, akiuliza kama Mungu hakuagiza wachawi wauawe. Ni swali la haki na lisikwepwe.

Kwanza, sheria hiyo ilitolewa kwa taifa lililokuwa na waamuzi, ambako hakuna aliyehukumiwa kwa neno la shahidi mmoja, na shahidi wa uongo alipata adhabu aliyomkusudia mwenzake (Kumb. 19:15–19). Haikumpa mtu binafsi ruhusa ya kuua gizani. Pili, ramli haikukubaliwa kuwa ushahidi. Kumb. 18:9–14 inamweka mpiga ramli miongoni mwa machukizo. Hivyo anayemuua bibi kizee kwa neno la mganga amemtii yule ambaye Maandiko yanamkataza asimsikilize, na amemhukumu mtu ambaye hakuna shahidi hata mmoja dhidi yake. Tatu, Kristo hakulipa kanisa lake upanga. Alimwamuru Petro aurudishe alani (Yn. 18:11).

Zaidi ya hayo, mafundisho kuhusu hali ya wafu yanapaswa kumpa Mwadventista ujasiri. Kama wafu hawajui lolote (Mhu. 9:5), basi hakuna mzimu unaoweza kumwambia mganga ni nani aliyesababisha kifo. Imani hii ikibaki kuwa jibu la mtihani wa ubatizo tu, haina faida. Inapimwa pale mtoto anapougua ghafla na shangazi anaposhauri waende “kuangalia.”

Maji Yaleyale, Mikono Tofauti

Soma Mt. 27:24. Pilato alinawa mikono mbele ya mkutano na kutangaza kwamba hana hatia. Kwa macho, tendo lake linafanana na la wazee wa Kumb. 21. Lakini wazee walinawa baada ya kutoka mjini, kupima umbali, na kushuka bondeni kumlilia Bwana. Pilato alinawa akiwa na uwezo wa kumwokoa Mtu aliyesimama mbele yake, akauacha. Wale walinawa wakiubeba wajibu, naye alinawa ili autue.

Kila muumini husimama mahali fulani kati ya wale wazee na Pilato. Kinachoamua ni anachofanya kabla ya kugusa maji. Mzee wa kanisa anaweza kumtembelea mjane anayenong'onwa, akaketi naye nje mchana, kijiji kizima kikiona. Akina Dorkas wanaweza kumjengea jiko lisilojaza moshi. Mzazi anaweza kumpeleka mtoto zahanati na kukataa kwenda kwingine. Aliyesikia mpango wa mauaji anaweza kutoa taarifa. Na anayetoa taarifa ana wajibu wa kusema alichokijua tu. Mwaka 2009, Serikali ilipoendesha kura za siri katika Kanda ya Ziwa ili kuwataja washukiwa, karatasi ileile iliyoweza kumfichua muuaji iliweza pia kubeba jina la jirani anayechukiwa. Amri ya tisa inahusu hata karatasi isiyo na sahihi.

Yatagharimu. Anayeketi na mtuhumiwa wa uchawi huitwa mchawi. Lakini hapo ndipo Injili ilipo. Isaya 53 inamwonyesha Mmoja ambaye mikono yake haikuwa na damu ya mtu, naye akakubali kuhesabiwa pamoja na wenye hatia. Hakuwa mji ulio karibu. Alitoka mbali kabisa, akaja mwenyewe hadi mahali tulipokuwa tumelala.

Maswali ya Kujadili

1. Taja tofauti kati ya hatia na wajibu kwa mfano kutoka mtaa au kijiji chako.

2. Je, kiongozi ajiuzulu kila mara walio chini yake wanapokosea? Ni wakati gani kujiuzulu ni kuubeba wajibu, na ni wakati gani ni kuukimbia?

3. Mshiriki anakueleza kwa siri kwamba ukoo wake umekwenda kupiga ramli, na jina la bibi fulani limeanza kutajwa. Utafanya nini kabla ya Sabato ijayo?

4. Darasa lenu likipima umbali leo, ni mlango wa nani unaohitaji kubishwa kwanza juma hili?