Nondo wa Mchana na Hukumu ya Haraka

Je, mtu akiona jambo kwa macho yake mwenyewe, amekwisha pata haki ya kuhukumu? Wengi hujibu: Ndiyo. Lakini yuko mdudu mdogo awezaye kuwafundisha uangalifu zaidi.

Mdudu huyo ni nondo mwenye mabawa maangavu kama kioo, aonekanaye katika nchi nyingi za Afrika, Kongo nayo. Nondo wengi huruka usiku. Yeye huruka jua likiwaka. Afikapo penye ua hatui juu yake, bali husimama hewani, mabawa yakipiga upesi hata macho hayawezi kuyafuata, huku akinyosha mrija wake mrefu na kunyonya utamu. Amwonaye kwa mbali husema: Ni ndege. Amsikiaye kwa karibu akivuma husema: Ni nyuki, ataniuma. Wote wawili wamekosa. Ndege hana miguu sita. Na nondo huyu hana mwiba.

Tena, siku ya kuzaliwa kwake mabawa yale yamefunikwa na magamba madogo ya kijivu. Arukapo mara ya kwanza, magamba hayo hupukutika kama vumbi. Basi aliyemwona kabla na aliyemwona baadaye watatoa ushuhuda mbalimbali, wala hakuna aliyesema uongo.

Je, hana kosa lolote? Analo. Angali kiwavi, hula majani ya kahawa. Nyuma ya kiwavi huyo pana kitu kama pembe; watoto hukiogopa, nacho hakichomi. Mkulima mwenye haki hupima kila shtaka peke yake: la kuuma ni la uongo, la kula majani ni la kweli. Wala hasahau kwamba nondo akizunguka hubeba unga wa ua hili mpaka ua lile, na mimea huzaa.

Mwingine atauliza: «Nikidhani ni nyuki, ningoje mpaka niumwe?» La. Kujihadhari si kuhukumu. Arudiye nyuma hatua moja hamdhulumu yeyote, hata akiwa amekosea. Kwa kujihadhari, shaka yatosha. Kwa kuhukumu, yatakiwa hakika.

Ndivyo ilivyo kati ya watu. Mwanamke ameonekana jioni akitoka katika shamba la jirani, kikapu kichwani. Aliyemwona ameona kikapu, wizi hakuuona. Na amwulize mwenye shamba kwa utaratibu: huenda yeye mwenyewe alimpa ruhusa. Lakini akitangaza wizi kisimani kabla ya kuuliza, amemnyang'anya mwenzake kitu kikubwa kuliko mihogo. Mti wa kahawa ulioliwa majani huchipua tena mvua inyeshapo. Jina jema lililoharibiwa midomoni mwa watu haliponi upesi hivyo.